Unastaafu mwakani? Kiwanja kakikague mwezi wa Kumi

Mwalimu mmoja wa Makete ameniandikia: "Shikamoo dada. Nastaafu Juni mwakani. Magoti yamekwisha kwa baridi ya huku. Nimesikia umehamia Chimala, wilaya ya Mbarali, na afya imerudi. Mimi nimeonyeshwa ekari mbili huko bondeni Usangu, bei yake sawa na kiwanja kimoja cha Uyole, Mbeya. Dalali anasema kuna mtu mwingine anazitaka. Nitume hela?"

Marahaba mdogo wangu. Usitume.

Sababu zake ni ndefu, na kwa kuwa si wewe peke yako unayeniuliza, naandika hapa wasome na wengine.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Makete ndiko nilikozaliwa, Njombe nimefanya kazi miaka mingi, Mbeya mjini ndiko nilikomalizia. Anayeijua Makete ya mwezi wa Saba hahitaji kuelezwa: asubuhi majani yamepauka kwa barafu, na maji ya bomba yanauma vidole. Ujana unayabeba hayo. Nilipovuka hamsini, nilikuwa naamka saa kumi alfajiri si kwa sababu ya zamu, bali magoti yamenigomea kulala. Kifua nacho kikaanza kubana. Daktari niliyekuwa nafanya naye kazi akanitania kwamba dawa yangu haipo dirishani, iko ng'ambo ya Igurusi, bondeni kwenye joto.

Nilistaafu baada ya Julai 2022. Mtumishi wa umma mwenzangu akisoma tarehe hiyo ananielewa bila mimi kuendelea. Waliotangulia mwaka mmoja tu walichukua nusu ya mafao yao kwa mkupuo. Sisi tukakutana na kikokotoo cha asilimia 33. Najua mwaka 2024 ikapandishwa hadi 40 kwa kundi letu, na nashukuru, lakini siku unafungua ile karatasi na kuona tarakimu ndogo kuliko uliyoiota miaka thelathini, moyo hauna habari na pensheni ya kila mwezi kwamba imeongezeka. Nayasema haya kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nichague kwa ukali. Kiinua mgongo kikiwa kidogo, kiwanja kibaya hakina wa kukifidia.

Watoto walitaka nikae Mbeya mjini. Shemeji yangu mmoja, mtu mwenye sauti kubwa kwenye vikao vya ukoo, alisema mbele ya watu wote: "Huyu mama ameacha baraka za Mungu za kijani, anakwenda kufia jangwani." Watu wakacheka. Nilicheka nami. Bado nakumbuka nani alicheka zaidi.

Kwanza, Usangu si jangwa. Ni bonde kavu lililo nyuma ya milima. Mawingu yanayotoka Ziwa Nyasa yanamwaga karibu kila kitu Rungwe na Livingstone. Tukuyu wanapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na yakifika upande wetu yamebaki mepesi. Bondeni maeneo mengi wanaambulia kama milimita 600 hadi 800, zote zikishuka kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua, vumbi na upepo. Kwa magoti yangu hiyo ni neema. Lakini ukavu una masharti yake, na dalali hatakutajia hata moja.

Nilizunguka kabla ya kuamua. Mtera na Migoli nilivutiwa na samaki, perege wabichi kabisa, na barabara ya lami ya Iringa kwenda Dodoma imefungua kule. Ila ukizidiwa usiku Mtera, Iringa mjini iko zaidi ya kilomita 100, na katikati kuna mlima Nyang'oro. Ruaha Mbuyuni kuna joto la kutosha na vitunguu vya kukuliza mwaka mzima, lakini hospitali kubwa ya Iringa iko ng'ambo ya mlima Kitonga, na kila mpanda basi anajua lori likikwama Kitonga wanasubiri wote, mwenye presha na mwenye harusi. Isimani ardhi ni pana na watu wake wakarimu. Maji yakanirudisha nyuma. Ilembula, kule Wanging'ombe, nusura nibaki. Hospitali ya Walutheri ipo palepale na hali ya hewa ni kavu bila joto la kupindukia. Kilichonishinda ni upepo, na mimi kifua changu na vumbi hawapatani.

Chimala ilishinda kwa mambo ya mtu mzima: hospitali ya misheni ipo, barabara kuu ya TANZAM inapita mlangoni, treni ya TAZARA ina stesheni, Mbeya na hospitali yake ya rufaa ya kanda haihitaji kulala njiani, na mito inashuka kutoka Kitulo. Nikipakumbuka nyumbani, napanda zile kona hamsini na saba za mlimani kwenda Matamba, Makete, nakaa na ndugu siku mbili, baridi inanitimua.

Sasa sikiliza. Kaangalie kiwanja mwezi wa Kumi. Narudia, mwezi wa Kumi. Machi kila mahali Usangu panapendeza. Nyasi zimefika kiunoni, mifereji inatiririka, mwenye kiwanja anakuchumia na embe la mwisho. Oktoba hakuna wa kukudanganya. Mto Ruaha Mkuu wenyewe, tangu 1993, unakauka kiangazi kule Hifadhi ya Ruaha. Sasa kisima cha futi thelathini cha mtu binafsi kina nini cha kujivunia?

Mimi nilikuwa natembea na kipande cha sabuni ya mche kwenye pochi. Nikifika kwenye nyumba iliyo jirani na kiwanja nasalimia, naketi, naomba maji ya kunawa kwenye beseni. Sehemu moja, sitapataja, nilisugua mikono mpaka mama mwenye nyumba akaanza kuniangalia. Povu halikutoka. Ukabaki ule utando mweupe unaoelea na kushika ukingo wa beseni. Nikamuuliza, chai mnapika kwa maji gani? Akanionyesha ndoo ya kununua, inaletwa na kijana wa baiskeli. Dalali aliyenileta alikuwa ameniapia kwamba maji ni "matamu kabisa". Kama unategemea kuchimba kisima kirefu, jua kwamba kinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ofisi zake kuu ziko Iringa, na kupata maji hakumaanishi kupata maji yasiyo na chumvi. Maji kwanza. Nyumba unaweza kuijenga polepole, maji huwezi kuyajenga.

Jambo la pili ni udongo. Bondeni kuna ule mweusi wa mbuga, unaonata kwenye viatu masika na kupasuka kiangazi mpaka unapitisha mguu wa mbuzi. Mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, alinikaribisha kwenye nyumba yake aliyojenga juu ya udongo huo. Nyumba nzuri, vigae sebuleni. Chumbani ukuta umefunguka kutoka kona ya dirisha hadi chini, nikaingiza vidole vyangu vinne bila shida. Ndani alikuwa amesokota magazeti. Akaniambia kwa utulivu kabisa: "Mwezi wa Tatu unafunga wenyewe, huu unafungua. Nimeshauzoea." Msingi wa kuvumilia udongo huo upo, una nondo na gharama yake, na ikiwa mafao yako yalipitia asilimia 33, tafuta udongo mwekundu au wa kichanga, uishi kwa amani.

Na hapo ndipo ekari zako mbili zinapoanguka, mdogo wangu. Nimeulizia. Ni majaruba. Wanalima mpunga hapo kila mwaka. Machi utaingia nyumbani kwa mtumbwi.

Halafu kuna mbu. Watu wa juu hatuna mazoea na malaria. Miili yetu haijawahi kuzoeshwa tangu utotoni kama ya wenyeji wa bonde. Mpunga una maji yaliyotuama, na maji hayo ndiyo wodi ya uzazi ya mbu. Nimewaona wastaafu kutoka Njombe na Makete wanashuka bondeni, mwezi wa kwanza tu wamelazwa kwa malaria ambayo mtoto wa Ubaruku, huku bondeni, angeimaliza kwa vidonge. Kaa mbali na mashamba ya umwagiliaji. Lala ndani ya chandarua hata usiku wa joto. Ukihisi homa usisubiri kesho, na usijipimie kwa kumbukumbu ya homa za Makete, kule homa ni mafua. Hili nalisema kama muuguzi, si kama jirani.

Hati. Hapa sirefushi kwa sababu kila mtu anajidai anajua. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999, na karatasi ya mkataba iliyogongwa muhuri na mtendaji peke yake haitoshi. Omba muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji. Kiwanja kilichopimwa, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri mwenyewe, usimtume dalali. Kama kuna nyumba, mke au mume wa muuzaji aje asaini mbele yako, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila ridhaa ya mwenza. Pima mita 60 kutoka mtoni, ndani ya hapo sheria ya mazingira inakukataza kujenga. Na kwa Mbarali ongeza swali moja: eneo hili limewahi kuguswa na GN 28, yaani Tangazo la Serikali la mipaka ya hifadhi? Hifadhi ya Taifa Ruaha ilipanuliwa mwaka 2008 ikaingiza Usangu, na vijiji vimeishi na ugomvi wa mipaka miaka yote hiyo. Rafiki yangu wa chuo cha uuguzi alinunua bila kuuliza. Ana mkataba, ana mashahidi, ana picha akiwa amesimama shambani. Nyumba hana.

Umeme nao uliza, eneo linahesabiwa kijiji au mji. Mwaka 2022 kijijini kuunganishwa kulikuwa shilingi 27,000, mjini kuanzia 320,960.

Ujenzi nauruka. Simenti mnaijua bei yake na mafundi mnawajua tabia zao. Nitasema tu kwamba ramani ya nyumba ya Njombe haifai huku. Usiniletee madirisha madogo ya kuzuia baridi. Paa liinue, weka dari, baraza iwe pana, vyumba vya kulala visitazame jua la jioni. Mwarobaini panda siku unayochimba msingi, wakati unahamia uwe umekufika begani.

Sasa niwaambie jambo ambalo linanikera. Wastaafu wenzangu wakifika bondeni, wakiona mpunga unavyostawi, wanashikwa na tamaa. Mtu hajawahi kushika jembe tangu shule ya msingi, leo anakodi ekari ishirini. Anakopa pembejeo, anasimamia kwa simu akiwa Mbeya, kibarua anamwambia "mpunga uko vizuri boss". Maji ya mfereji yana zamu na yana wenyewe. Ndugu zangu, kwa nini? Umefundisha watoto wa watu miaka thelathini na tano, umekesha wodini, na pesa yako unaipeleka kwenye mfereji usiokuwa na zamu yako? Bustani ya mchicha, kuku kadhaa, miembe mitatu. Asubuhi kunywa chai, tembea, kaa barazani. Mtu akikuita mvivu mwambie ndiyo. Wanaotaka kukuona ukihangaika ni wale wale waliokucheka ulipohama. Shemeji yangu, kwa taarifa yenu, alipiga simu mwezi uliopita kuuliza kama karibu na mimi kuna kiwanja. Nilimwambia jangwani viwanja vimeisha. Kipo kimoja, lakini acha kwanza.

La mwisho ndilo ambalo wengi hawalitaji wakichagua mji, wanalitaja ndugu zao baadaye: utazikwa wapi, na nani atachimba. Chimala kuna Wasangu wenye nchi yao, kuna Wanyakyusa, Wakinga, Wabena, Wahehe, kuna Wasukuma waliokuja na ng'ombe. Hakuna ukoo wako. Ukifika ukajifungia ndani ya geti na runinga, siku ya msiba wako litakuja gari la halmashauri na watoto wako kutoka Dar es Salaam wakiwa na viatu vya mjini, wakiuliza sepetu inapatikana wapi. Mimi wiki ya kwanza nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi kujitambulisha. Msiba wa pili kutokea mtaani nilikaa jikoni nikamenya vitunguu na akina mama mpaka saa saba usiku, na kesho yake kila mtu alinijua kwa jina la mwanangu wa kwanza. Presha zao sasa napima mimi, barazani, bure. Wao ndio waliokuja na mafundi wao upepo ulipong'oa bati la jikoni.

Watoto wangu wanasema nitarudishwa Makete, kwenye makaburi ya ukoo. Tumebishana Krismasi nzima na hatujamaliza. Lakini jina langu limo kwenye daftari la kikundi cha kufa na kuzikana cha hapa, na mchango wa mwezi huu nimeshalipa.