Kuingia Kituku na abiria: kazi huanza kabla ya kuona soko

Vijana wanaoanza kuendesha boti za Minova na Idjwi huniuliza sana juu ya mawimbi ya katikati ya Ziwa Kivu. Huko sina wasiwasi sana. Kinachonikosesha raha ni dakika za mwisho, abiria wakishaona soko la Kituku, ufukweni Goma.

Wakiliona tu, wanasimama. Huyu anavuta kapu lake, yule anampigia simu wa kumpokea, wote wanaegemea upande wa bandari. Boti iliyojaa kupita kiasi haingoji wimbi ili ipinduke. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyopakia kupita kiasi kutoka Minova ilizama karibu na Kituku, ufuko ukionekana, na watu wengi wakafa. Kwa hiyo nasema nao tungali mbali: jile ya kuokolea ifungwe, hakuna kusimama mpaka kamba ishikwe. Akisimama mmoja, nashusha moteri tunangoja. Watanuna, lakini watakaa.

Halafu mwendo. Boti haina breki. Ukija kasi kisha ukapunguza ghafla, wimbi lako mwenyewe linakufuata na kumwaga maji nyuma, hasa mzigo ukiwa umelemea huko. Punguza kidogo kidogo. Ila usitie nyutro mapema: kwa moteri ya nje, propela isiposukuma, usukani nao hauna nguvu, na upepo ndio unaochagua njia. Kiangazi, kuanzia Juni, upepo wa kusini unakutupa nchi kavu, na sehemu nyingi za pwani ya Goma ni mawe ya volkano. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani. Mbao haishindani na jiwe lile. Usitegemee nanga pia. Ziwa Kivu katikati lina kina cha zaidi ya mita 400, na hata ukiwa si mbali na ufuko, kamba yako yaweza isifike chini.

Ukifika alfajiri, angalia wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo. Mitumbwi yao mitatu imeunganishwa, na miti mirefu inatokeza mbele na nyuma, mbali kuliko taa zinavyoonyesha. Ukiona taa, usipite kati yake na nyingine. Kunaweza kuwa na wavu. Zunguka, hata kama mwenye mzigo analalamikia mafuta.

Kule Banana, mdomoni mwa Mto Kongo, meli za bahari hazipandi mto hadi bandari ya Matadi bila rubani anayejua michanga inayohama. Kituku hatuna mtu wa namna hiyo, basi mimi humpigia mpakiaji wa ufukweni kabla sijakaribia: nafasi iko wapi, mitumbwi imebanana upande gani? Akisema kumejaa, nabaki nje.

Kamba ikishashikwa, watoke wa mbele kwanza, mmoja mmoja, wa nyuma wakiwa wamekaa. Makaa na ndizi vishuke mwisho, hata mwenye navyo akipiga kelele.