Nilipiga Kura Mapema, Shemeji Akahama Sinia

Intaneti iliporudi mwanzoni mwa Novemba 2025, baada ya uchaguzi, simu yangu ilitetemeka juu ya meza mpaka ikakaribia kuanguka. Meseji mia na kitu. Nyingi za hongera, maana safari hii nilikuwa msimamizi wa kituo cha kura, si karani tena, na hilo nitalirudia huko mbele kwa sababu nimelitolea jasho miaka kumi. Lakini iliyonikalisha kitako ilitoka kwa binti mmoja niliyemsomesha skuli zamani, sasa ana mume na mtoto. Nimebadilisha machache asijulikane: "Mwalimu, shikamoo. Niliitwa ukarani, nikapiga kura ya mapema tarehe 28. Tokea siku ile mume wangu anakula kimya, analala kimya. Anasema na mimi nimo kwenye wizi wa kura. Nifanye nini?"

Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Mke wangu alikuwa jikoni anasikia, akaniambia, "Yote hayo si ya mtoto wa watu, ni yako wewe na shemeji yako." Kweli. Basi nikaona bora niyaandike hapa, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnaitaka kazi ile. Msinifiche. Mnataka kuitwa semina, mnataka kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na posho mnaitaka. Mimi pia niliitaka.

Kwa walio mbali na visiwa hivi: kura ya mapema huku kwetu si ya kila mtu. Imo katika Sheria ya Uchaguzi ya Zanzibar, Namba 4 ya 2018, na ni ya wale ambao siku yenyewe watakuwa kazini, yaani watendaji wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, wasimamizi, makarani, askari wa ulinzi. Tuliionja mara ya kwanza tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu. Mwaka huu wa 2025 ikawa tarehe 28 Oktoba, na wengine wote tarehe 29. Kwa hiyo mtu akikutajia Marekani, ambako mwaka 2020 zaidi ya watu milioni 100 walikuwa wameshapiga kura kabla ya 3 Novemba, wengine kwa posta na wengine vituoni, mwambie hayo ni mambo mengine. Yetu inafanana zaidi na ya Ghana. Kule mwaka huohuo wa 2020 askari, maofisa wa uchaguzi na waandishi wa habari walipiga tarehe 1 Disemba, na wananchi wote tarehe 7.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu bila ya Kojani hamtanielewa.

Oktoba 2015 nilikuwa mwalimu kijana, naishi Wete, Pemba, nimejiandikisha Wete. Nikapangiwa kituo kisiwani Kojani. Tulivuka siku ya kabla, masanduku katikati ya mashua, sisi tumekaa pembeni tunayashika kama watu wanaosafiri na mgonjwa. Kazi niliyopewa ilikuwa wino. Mtu akishatumbukiza karatasi zake, ananyoosha kidole, mimi nachovya. Siku nzima nashika vidole vya watu. Vidole vya wavuvi wa Kojani ni vigumu, vina mikato ya mishipi iliyopona na kukatika tena, na wino haukai vizuri kwenye ngozi kama ile, lazima urudie mara mbili. Mkubwa wangu wa kituo alikuwa ameniahidi asubuhi: "Wewe saa sita vuka, kapige, rudi." Saa sita ikafika, foleni imezunguka ukuta. Saa nane akaniambia subiri kidogo. Saa tisa nikatoka nje kutazama, maji yametoka, mashua imekaa kwenye tope imelala ubavu kama ng'ombe.

Kuna bibi mmoja, akiegemea mkongojo, baada ya kupakwa alinishika mkono akaugeuza akautazama. "Na wewe mwanangu, chako kiko wapi?" Nikacheka. Sikuwa na jibu.

Saa kumi kituo kikafungwa. Na hapa nakiri kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu isipokuwa mke wangu: wenzangu walipogeuka kupanga fomu, nilichovya kidole changu mwenyewe. Niliona haya kurudi nyumbani na kidole cheupe. Mama yangu alikiona keshoye, akafurahi, akaniombea dua. Siku tatu baada ya kupiga kura, tarehe 28, mwenyekiti wa Tume wakati ule, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuwa uchaguzi wote wa Zanzibar umefutwa. Ikawa kura nisiyoipiga imefutwa pamoja na zilizopigwa. Watu walilia, walikasirika, kila mmoja na lake. Mimi nilikaa nyuma ya nyumba nasugua kidole kwa ndimu.

Basi mwaka 2020 nilipoambiwa kuna kura ya mapema na jina langu limo, mnadhani ningesitasita? Niliamka saa kumi za usiku. Sikuuliza mtu, sikumwambia mtu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, nanyi mlishike.

Usiku wa kuamkia siku ile Pemba watu wengi hawakulala, na asubuhi njia zilikuwa tupu. Kituoni foleni ilikuwa fupi, askari mbele yangu, askari nyuma yangu, makarani wenzangu tumetawanyika kati yao. Nikaingia kwenye kituturi, nikatoka, nikatumbukiza. Dakika saba. Mtu mwengine ndiye aliyenipaka wino, na wallahi nilipousikia ubaridi wake kidoleni machozi yalinilenga. Kitu kimoja nilikitazama sana wakati natoka: wakala mmoja wa chama alikuwa na daftari la skuli, lile lenye tebo nyuma, amelifungua juu ya goti, kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Nilimuuliza anaandika nini. Akasema anasubiri lakiri za kufungia sanduku, zikifungwa anakili nambari zote, na kesho sanduku likiletwa atasoma moja moja.

Asubuhi ileile, Unguja, Maalim Seif Sharif Hamad, mgombea urais wa Zanzibar wa upinzani, alikamatwa Garagara. Chama chake, ACT-Wazalendo, kilikuwa kimeikataa kura ya mapema tokea mwanzo na kuwaambia wafuasi nao wajitokeze siku hiyo. Kwa hiyo kidole changu kilipokauka wino, tayari kilikuwa kimeshakuwa cha upande fulani, nitake nisitake. Nilipiga kura kwa nani? Hiyo ni siri yangu na nitaingia nayo kaburini. Lakini nani alikuwa anauliza nimempigia nani? Watu walikuwa wanauliza nimepiga lini.

Disemba tukawa na harusi Wete. Wanaume tumekaa ukumbini, pilau inaletwa kwenye masinia, watu wannewanne. Nimekunja kanzu nikakaa, na wa nne aliyekuja akataka kukaa alikuwa shemeji yangu, aliyemuoa dada yangu mkubwa, mtu aliyenifundisha kuogelea. Alishanawa. Aliponiona alisimama kidogo, maji yanamdondoka mkononi, akageuka akaenda sinia la pili ambako walikuwa wameshatimia. Wakabanana watano. Sisi tukala watatu, na nyama ikabaki. Miaka mitano imepita na bado nikinusa hiliki najisikia vibaya.

Hayo ndiyo madhara ambayo hamtafundishwa semina.

Faida zipo, na sitakubali mtu azidharau. Askari naye ni raia. Karani naye ana watoto wanaosoma skuli isiyo na madawati. Kumwambia mtu alinde kura za watu elfu huku yake inapotea ni dhulma, na dhulma hiyo mimi nimeila Kojani. Tena siku kubwa inakuwa nyepesi: hakuna karani anayetazama saa wala askari anayeomba ruhusa ya kukimbilia jimboni kwake. Mwaka huu, nikiwa msimamizi (nilisema nitalirudia), watendaji wangu wote walikuwa wameshapiga, na waliwatazama wapiga kura usoni bila ya kijicho. Hilo lina thamani.

Lakini sanduku linalala. Hapo ndipo penye mwiba. Sanduku la siku moja watu wanaliona asubuhi likifunguliwa tupu, wanaliona jioni likimwagwa mezani. Macho hayaliachi. La mapema linapita usiku mzima pahala ambapo bibi yangu hapaoni, na katika nchi ambayo tokea 1995 karibu kila uchaguzi umetuachia kidonda, usiku mmoja ni mrefu sana. Unaweza kuwa umelindwa vizuri kabisa. Asiyeuona ataujaza kwa fikra zake. Na wakala mwenye daftari la tebo, chama chake kikiwa hakina watu wa kutosha, atakesha siku mbili au atasinzia?

Jengine ni uchache. Ukikusanya askari na makarani kwenye sanduku lao peke yao, siri ya kura inakuwa nyembamba kama shashi. Ghana kura zile za mwanzo hazihesabiwi mpaka siku ya uchaguzi mkuu, na huku kwetu nako husubiri siku kubwa. Ni jambo jema, lakini kusubiri hakutoshi, zinatakiwa zichanganyike mpaka asijulikane nani ni nani.

Na jengine tena ni kwamba hujuti. Machi 2020 kule Marekani, Pete Buttigieg alijitoa kwenye mbio za kuteuliwa mgombea urais wa chama cha Democratic tarehe 1, Amy Klobuchar tarehe 2, na majimbo mengi yalikuwa yanapiga tarehe 3. Waliokuwa wameshawapigia mapema kura zao zikabaki zinaelea. Uswidi wamelifikiria hilo: ukipiga mapema ukabadili mawazo, siku ya uchaguzi unakwenda kituoni kwako, ya kwanza inaondolewa, unapiga upya. Sisi hatuna hiyo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na sisi tunayavulia saa ishirini na nne kabla ya wenzetu.

Basi mwanangu, na nyote mnaosubiri kuitwa, nawaambieni. Sema nyumbani kabla. Usingoje wauone wino. Kaa na mumeo au mkeo, mwambie, "Nimepangiwa kazi, siku yenyewe sitakuwa na nafasi, kwa hiyo napiga kesho." Mueleze sheria inasemaje. Mpe nafasi ya kukasirika usiku ule, kwa sababu hasira ya kabla ni maneno, na ya baada ni kimya. Hakikisha jina lako limo kwenye orodha na kitambulisho chako kipo mkononi, usije ukakosa kote kuwili. Usijisifu kwamba wewe umeshamaliza, watu wamesimama juani. Usitaje uliyempigia hata kwa kumpoza mtu. Na nasema tena, sema nyumbani kabla. Mimi sikusema, nikapoteza mtu.

Na nyie waume mnaolala kimya. Mkeo ameamka alfajiri akaenda kufanya kazi ambayo bila ya watu kama yeye wewe hungekuwa na kituo cha kwenda. Hukubaliani na kura ya mapema? Ni haki yako, kuna watu wazito hawakubaliani nayo. Lishitaki jambo lenyewe, liandikie, lipeleke kwa chama chako. Mwanamke aliyekuwa kwenye orodha si yeye aliyetunga sheria. Binti yangu huyu hakuiba kitu, ametumia karatasi zake tu kama wewe ulivyotumia zako. Muogope Mungu, kula na mkeo.

Nilipomaliza kuandika mpaka hapo nikaona haya, kwa sababu yote hayo sikuwahi kumwambia shemeji. Nilimwandikia wiki hii kichwani mara kumi. Halafu juzi nikapanda boti kwenda Pemba kumwona mama, na jioni nikapita kwa dada. Shemeji alikuwa barazani, birika la kahawa limekaa juu ya makaa, hakuna mtu mwengine. Nikatoa salamu, akajibu. Akasogeza mkeka kidogo. Nikakaa.

Alinimiminia kikombe akanisogezea bila ya kunitazama. Tukanywa. Alinisikia, alisema, kwamba nimekuwa mkubwa wa kituo. Nikasema alhamdulillahi. Akatia makaa mengine, akayapuliza, akanitazama kidole, wino bado upo pembeni ya ukucha.

"Basi niambie wewe uliyekuwa ndani," alisema. "Lile sanduku la kwanza, la 2020, ule usiku lililala wapi?"

Mimi nilipiga dakika saba nikaondoka kwenda kujiandaa na kituo changu cha kesho.

"Sijui, shemeji," nikamwambia.

Akanimiminia cha pili.