Mkopo wa shule Marekani: kwanza niambie nani anakulipa mshahara

Wiki hii meseji karibu zote ni za PSLF, ule mpango wa tangu 2007 unaofuta deni la mkopo wa serikali kuu ukishafanya kazi ya umma na kulipa marejesho 120, yaani miaka 10.

Mimi ni nesi, nipo Minnesota. Nastahili?
Jamani, mwajiri ni nani? Kila wiki naulizwa hili na kila wiki mtu anasahau kumtaja. Unesi peke yake haufuti kitu, kinachoangaliwa ni nani anakulipa: serikali ya ngazi yoyote, au shirika lisilo la faida la 501(c)(3), yaani lililosamehewa kodi kwa kifungu hicho cha sheria. Manesi wawili wodi moja, mmoja wa hospitali yenyewe isiyo ya faida, mwenzake kaletwa na ejensi ya biashara, wa kwanza anahesabiwa, wa pili miezi inapita tu. Msafishaji wa shule ya serikali naye anahesabiwa. Chukua W-2 yako, ile fomu ya mshahara ya kila mwaka, angalia namba ya EIN, yaani namba ya mwajiri, itafute kwenye tovuti ya serikali ya StudentAid.gov.

Mkopo wa benki binafsi je?
Hapana.

Part time wanakubali?
Angalau saa 30 kwa wiki. Unaweza kuunganisha kazi mbili, ila waajiri wote wawili wawe wanastahili.

Nafundisha hesabu sekondari eneo la kipato cha chini. Nichukue kwanza ule msamaha wa walimu wa dola 17,500 halafu niendelee na PSLF?
Mwalimu, usikimbilie. Miaka 5 uliyotumia kupata huo haihesabiwi tena PSLF, kwa hiyo ni 5 halafu 10 mingine. Deni likiwa dola 18,000 chukua umalize, likiwa 60,000 bora usubiri PSLF, na kinachofutwa hakikatwi kodi ya serikali kuu.

Nimebakiza miaka 3. Rafiki kasema fomu ya mwajiri, ile ya kuthibitisha kazi yangu, natuma mwishoni.
Tuma leo dada yangu! Halafu kila mwaka, na kila ukihama kazi. Kundi la kwanza lilitimiza miaka 10 mwaka 2017 na karibu asilimia 99 ya maombi ya mwanzo yakakataliwa, wengi walikuwa wanalipa mkopo wa aina nyingine, siyo Direct Loan (ule unaotolewa na serikali kuu moja kwa moja), au mpango wa malipo usiokubalika na hakuna aliyewaambia, mpaka serikali ikalegeza masharti Oktoba 2021 kwa mwaka mmoja. Inaniuma sana, mtu kaacha mshahara mkubwa akatetee wakimbizi mahakamani halafu anaangushwa na karatasi. Na akikupigia mtu anataka ada akujazie, kata simu, fomu ni bure.