Kung'oa nyutroni ya halo: usiamini upana wa mchoro upesi

Kwenye bibo, korosho huning'inia nje. Wewe unayeanza fizikia ya viini hapa Mtwara anzia hapo. Berili-11 ni berili-10 yenye nyutroni moja ya ziada iliyoshikiliwa na MeV 0.5 tu (MeV na keV ni vipimo vya nishati; MeV 1 ni keV 1000), ilhali nyutroni ya kiini cha kawaida huhitaji MeV 6 hadi 8 kung'oka. Ila korosho ina mahali pake; nyutroni hii imetanda kama ukungu mbali na kiini. Huo ukungu ndio halo.

Mitambo ya kurusha viini hivi iko Japani, Ujerumani, Marekani na Ufaransa. Kitakachokufikia wewe ni mafaili ya data. Ndani yake, mkondo wa berili-11 wenye kasi ya karibu theluthi ya kasi ya mwanga umegonga bamba la berili-9, na spektromita imepima momenta (masi mara kasi) ya berili-10 iliyotoka. Kwa kanuni ya Heisenberg, kilichotanda sana huwa na momenta zilizobanana. Mchoro wa halo una upana wa takriban MeV/c 45 kwenye nusu kimo.

Upana unaousoma, hata hivyo, umebeba pia wa mkondo na wa bamba. Tafuta data za mkondo uliopita kwenye bamba bila kung'oka kitu. Ukisoma 55 na mkondo una 30, toa kwa miraba: kipeuo cha 3025 − 900 ni 46. Bamba nene huongeza hesabu lakini huharibu upana huo, na hukuficha kasi halisi ya kiini kilipotoa gama.

Gama ndiyo sehemu ya kukaa nayo muda mrefu. Berili-10 ikibaki imesisimka, yaani ina nishati ya ziada, hutoa gama (mnururisho wa nishati kubwa) ya keV 3368, nayo hutoka kwenye kiini kinachokimbia. Kwa kasi ya 0.35 ya mwanga na pembe ya nyuzi 40, detekta husoma 4311; ukisahihisha Doppler, yaani badiliko la nishati linaloletwa na mwendo wa kiini, unarudi 3368. Sasa angalia kilele cha 511 iliyotoroka: gama kali ikiingia kwenye detekta huweza kuzaa elektroni na pozitroni, na pozitroni ikiangamia hutoa gama mbili za keV 511, moja ikaponyoka. Wageni hukitafuta kwenye 2857, hawakioni. Ile 511 hutoroka kutoka kwenye detekta iliyotulia, kwa hiyo toa kwanza: 4311 − 511 = 3800, ndipo usahihishe, upate 2969. Jirani yake kuna mstari wa kweli wa 2895, wa kiini kinachoshuka kutoka MeV 6.26. Ukivichanganya, mgao wa hali zote (viwango vya nishati) za berili-10 unapotoka.

Na usidhani tukio lisilo na gama ni la hali ya chini kabisa. Detekta ikinasa gama 20 kati ya 100, zile 80 zimekupita. Sahihisha kwanza kwa uwezo wa detekta, ndipo utoe kwenye jumla.

Lithi-11, ambayo ukubwa wake usio wa kawaida ulipimwa Berkeley na Tanihata na wenzake mwaka 1985, ina shida nyingine. Ukiing'oa nyutroni moja inabaki lithi-10, isiyoweza kujishika. Huvunjika papo hapo kuwa lithi-9 na nyutroni. Bila detekta za nyutroni mbele ya mkondo, upana wa lithi-9 peke yake umeshachanganyika na mvunjiko huo.