Hesabu za mradi wa kijiji: omba karatasi, usiombe maelezo

Mkuu, umeuliza kama mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuona nyaraka za yale madarasa mawili ya shule ya kijijini kwenu, ambayo maboma yameishia kwenye lenta na fedha zinasemekana zimekwisha. Mlipouliza mkutanoni mkajibiwa kwamba zimetumika "kwa kufuata taratibu". Haki mnayo, shida iko kwenye swali mlilouliza. Ukisimama ukasema "tunataka kujua fedha zimetumikaje", umemfungulia mtendaji mlango wa hotuba. Ukisema "tunaomba muhtasari wa kikao cha kamati ya manunuzi kilichompitisha mzabuni wa saruji", hotuba haisaidii tena. Muhtasari upo au haupo.

Nimewahi kukaa kwenye kamati ya mapokezi ya ujenzi wa sekondari ya kata, kwa hiyo naandika kama mtu aliyekuwa anasaini hizo karatasi.

Miradi mingi ya madarasa Tanzania inajengwa kwa fosi akaunti, yaani hakuna mkandarasi. Shule inanunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi. Kunakuwa na kamati tatu: ya manunuzi inatafuta bei na kuchagua mzabuni, ya mapokezi inahesabu na kupokea mzigo, ya ujenzi inasimamia kazi. Kila kamati inaandika vyake, na watu wake ni tofauti. Hapo ndipo penye nguvu yako wewe mwananchi. Idadi iliyoagizwa, idadi iliyopokelewa, idadi iliyotoka stoo na idadi iliyolipiwa zimeandikwa kwenye karatasi nne na mikono minne, na zote zinatakiwa ziseme kitu kimoja. Huhitaji kuwa mhasibu kuona kwamba leja ya stoo imepokea mifuko 200 na hati ya malipo imelipa 260.

Ila msihangaike sana na saruji. Mfuko ni mfuko, kila mtu anauhesabu. Angalieni mchanga, kokoto na nondo. Mchanga unaandikwa kwa tripu, na mara nyingi karatasi haisemi ni tripu ya gari gani. Kanta (lori dogo) na tipa (lori kubwa) zote zinaitwa tripu moja! Mwenyekiti wa kamati yetu alikuwa mzee mmoja, fundi mstaafu, anatembea na futi ya kamba mfukoni. Lori likifika, kabla hata dereva hajashuka, mzee kashapanda kwenye tairi anapima bodi: urefu, upana, mchanga umefika wapi kwenda juu. Anaandika nyuma ya karatasi ya dereva, ndipo anasaini. Siku ya kwanza mzabuni alipiga simu kwa mwalimu mkuu kulalamika, na mwalimu akaja na "mzee wangu, tunachelewesha kazi". Mzee akamjibu kwamba kazi haicheleweshwi na futi. Tripu zilizofuata zilikuja zimejaa. Nondo nazo ni hivyo hivyo: ya milimita 10 na ya 12 ukiwa mbali huzitofautishi, na leja iliyoandikwa "nondo pisi kadhaa" bila kipimo haikusaidii kitu. Ukiona leja ya namna hiyo, anzia hapo.

Wakiwaambia daftari limepotea, msikubali haraka. Shule na zahanati zinatakiwa kuingiza mapato na matumizi yao kwenye FFARS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za vituo, na tangu 2023 manunuzi ya umma yamehamia NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni. Daftari linaweza kuliwa na mchwa, mfumo hauliwi.

Kuhusu sheria, mambo machache tu. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kutafuta na kupokea taarifa, na ya 27 inatupa wajibu wa kulinda mali ya umma. Hizi mbili ziwekeni kwenye aya ya kwanza ya barua. Halafu kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inamhusu raia, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka huo huo, wana siku 21, na wakinyimwa wanakwenda kwenye tume ya malalamiko ya umma. Sisi rufaa yetu inapanda kwa mkuu wa taasisi, kisha kwa waziri, yaani inazunguka humo humo serikalini. Kwa maoni yangu hilo ndilo tobo kubwa la sheria yetu. Hata hivyo barua iandikeni, nakala mbili, na ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri mtapigwa danadana hadi mchoke.

Kabla ya barua kuna njia nyepesi zaidi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa pale. Kama haujaitishwa tangu mwaka jana, dai lenu la kwanza liwe mkutano, madarasa yafuate. Na zikisomwa, ombeni zibandikwe ubaoni. Namba zikisomwa kwa kasi wakati wa jua kali hakuna anayezishika, na wanaozisoma wanalijua hilo.

Kuna wanaosema "subirini CAG", yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ripoti za CAG nazisoma kila mwaka na nazipenda, hasa viambatisho vya ripoti ya serikali za mitaa, maana halmashauri zinatajwa humo kwa majina na kiasi. Zipo wazi kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, hata kwa Kiswahili. Lakini zina mipaka. Rais anakabidhiwa mwishoni mwa Machi, na hesabu zenyewe ni za mwaka ulioishia Juni 30 iliyopita, kwa hiyo unasoma mambo ambayo mengine yana umri wa zaidi ya mwaka. Tena wakaguzi huchukua sampuli, madarasa yenu mawili yanaweza yasiguswe kabisa. Na halmashauri kupata hati inayoridhisha maana yake hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa kwa mambo yote ya msingi, wala si kwamba hakuna aliyepiga fedha. Diwani akiwaringia kwa hati safi, mpigieni makofi kisha muulizeni mchanga.

Mnakumbuka madarasa ya fedha za UVIKO-19 mwaka 2021? Serikali ilitangaza mkopo wa shilingi trilioni 1.3, madarasa 15,000, milioni 20 kwa kila darasa. Hiyo milioni 20 ilijulikana hadi vijiweni. Mwendesha bodaboda alikuwa anaweza kusimama mbele ya jengo akauliza "hii ndiyo milioni 20?" Kwa hiyo swali lenu la kwanza kabisa kwa mtendaji liwe dogo: ziliingia shilingi ngapi, tarehe gani, kwenye akaunti ya nani. Mkikosa hiyo namba, hizo karatasi nyingine hamna pa kuzipimia.

La mwisho ni la usalama wenu. Neno "wizi" lisiwemo kwenye barua, wala majina ya watu. Asiende mtu mmoja, maana kesho ataitwa mchochezi. Nendeni wazazi kadhaa, ikiwezekana mwanzie kwa wajumbe wa kamati ya mapokezi wenyewe. Wengi wao ni majirani zenu, walisainishwa wakiwa wamesimama juani, na wamekaa na dukuduku muda mrefu kuliko ninyi. Mkishapata leja, leteni namba hapa jukwaani bila kutaja watu: mifuko, tripu, nondo za kipimo gani. Mafundi wamo humu, watawaambia vifaa hivyo vilitakiwa kulifikisha jengo wapi.