Ahirisha hiyo hafla ya Jumamosi (kwa yule wa kamati nne)

Jumamosi usifanye hiyo hafla ya kamati zenu nne. Sema sheha anaumwa, sema mvua, sema lolote litakalokujia, lakini usifanye.

Nimeusoma mpango wako mara mbili. Shehia yenu huko Kaskazini Unguja inataka mtoto ashikwe tangu anazaliwa mpaka apate kazi, na mmeunda kamati nne: ya wachanga na kliniki, ya maandalizi na msingi, ya sekondari, ya amali (ufundi wa mikono) na ajira. Kila mwaka kamati moja itaikabidhi nyengine orodha ya watoto, mbele ya wageni. Umeuliza katiba iandikweje, usajili unakwendaje, nani awe mwenyekiti na pesa zitoke wapi. Mie nilipofika hapo kwenye "kukabidhi orodha" niliweka simu chini nikaenda kunywa maji.

Mpango huo ni wetu. Tuliufanya sisi huku Pemba, wilaya ya Micheweni, na fulana tulichapisha vilevile.

Alitujia bwana mmoja kutoka mjini, simtaji, shati limepigwa pasi mpaka lingeweza kusimama bila yeye. Tulimlipa laki sita, nauli ya boti na chumba Wete. Pesa hizo nyingi zilichangwa na wanawake wa mwani, na anayeujua mwani anajua mgongo unavyolia jioni. Akatuchorea ngazi kwenye karatasi kubwa: kidato cha chini kabisa mtoto mchanga, cha juu kijana kashika zana zake za kazi, na kila kidato na kamati yake. Tukapiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza baina ya kidato na kidato pana nini. Pana hewa, ndugu yangu. Na watoto huangukia hapohapo.

Jirani yangu ana kijana, kichwa chepesi sana. Akamaliza darasa la sita. (Hapa nikukosoe: umeandika "la saba" mara tatu. Kwetu Zanzibar, kwa sera ya 2006, msingi ni miaka sita. Hilo la saba ni la Bara, kwa hiyo na wewe kuna mtu kakuuzia karatasi aliyoinakili kwengine. Mwulize vizuri.) Matokeo yake mazuri. Jina likaingia kwenye orodha, orodha ikachapwa, siku ya hafla mwenyekiti wa kamati ya pili akampa mwenyekiti wa kamati ya tatu, wakatia saini, wakapigwa picha. Tende zilikuwepo, soda zilikuwepo. Aliyeshika bahasha ni mie. Kwenye picha nimecheka mpaka gego linaonekana.

Skuli aliyopangiwa iko mbali, daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Tunapenda kusema elimu bure, na kweli ilitangazwa bure 1964, lakini konda hilo tangazo hajalisoma. Baba mtu yuko baharini, mama ana mtoto mchanga mgongoni. Ami yake akasema, nitakwenda nae dago (kambi ya wavuvi) siku chache mpaka nauli ipatikane.

Siku chache!

Mwezi wa nne nikakutana na mama yake njiani, nikamwuliza kwa uso mkunjufu kijana anaendeleaje na kidato cha kwanza. Akanitazama kama nimemtusi. "Si nyie mlosema mtamfuatilia?" Nikaenda mbio kamati ya pili. Wakaniambia wao walishakabidhi, saini hii hapa. Kamati ya tatu wakaniambia wamepokea, jina hili hapa. Na lilikuwepo kweli, namba 17, limepigiwa tiki. Mtoto yuko upande wa Tanga anavuta nyavu. Kwenye makaratasi yetu amesoma miezi mitatu na zaidi, na mlango wa darasa hajaukanyaga hata siku moja.

Hapo ndipo tulipoanza kuhesabu kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Orodha ina watoto 34. Tisa hawakuwepo skuli. Wawili waliingia kwenye karafuu msimu uliopita na hawakurudi tena darasani. Msichana mmoja yuko mjini kwa shangazi yake, eti anasoma, kumbe anaosha vyombo. Wote wana tiki.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba yupo mtu aliyejua tangu wiki ya kwanza. Maalim wa chuo cha Kurani. Watoto wanakwenda kwake kila jioni, akikosekana mmoja anauliza, akiambiwa "kaenda dago" anajua maana yake. Kwenye kamati hayumo, kwa sababu bwana wa pasi alituambia tuchukue "wadau rasmi". Mama anayeuza mandazi karibu na skuli nae alijua, maana kijana alikuwa na deni lake la mandazi mawili. Kamati nne, wajumbe 28, mihuri mitatu, tukashindwa na daftari la madeni la muuza mandazi.

Kwa hiyo sikiliza: jina halikabidhiwi, anakabidhiwa mtoto. Kila mtoto awe na mtu mzima mmoja anayejulikana kwa jina. Mtu huyo amshike mkono ampeleke anakokwenda, na asimwache mpaka anayempokea amwone kwa macho yake amekaa darasani, tena si siku ya kwanza ambayo kila mtu huja, bali wiki ya sita. Asipomwona hapokei, na mtoto bado ni wa yule wa mwanzo. Sisi sasa mtu mmoja ana watoto wanane, hawazidi. Kamati mkitaka ziwe kumi, zingine zishughulikie chai.

Mnapomvusha mtoto msisahau majina. Tunae mmoja cheti cha kuzaliwa kina jina la baba, skuli kaandikishwa na babu yake kwa jina la babu, na hakuna aliyeviweka viwili hivyo mezani pamoja mpaka kijana ana miaka 18 anatafuta nafasi ya amali. Kosa hilo nalo letu, kulisahihisha ilikuwa kazi ya dakika tano pale alipoingia maandalizi.

Pahali pabaya kuliko pote ni baada ya kidato cha nne. Mtihani Novemba, matokeo kwa kawaida mwishoni mwa Januari. Katikati hapo kijana hana skuli, hana kazi, na dago linamwita. Kamati ya tatu itakwambia kamaliza, ya nne itakwambia matokeo bado. Wewe usingoje. Mchukue kituo cha amali akaone karakana, japo kusimama mlangoni tu. Huku kwetu tuna Vitongoji na Daya, kwenu Mkokotoni si mbali.

Ulichouliza hasa... katiba. Yetu sijui iko wapi, nadhani inasomwa na mchwa. Mwenyekiti mchukueni yeyote mwenye magoti mazima. Kuhusu pesa sina ushauri, mwenye ushauri wa pesa ni yule wa laki sita.

Kijana alirudi Idi iliyopita. Kawa mrefu, ana simu nzuri kuliko hii ninayokuandikia, akanipa mkono akaniita maalim. Mie si maalim, nilikosa pa kuangalia. Mama yake bado hanijibu salamu vizuri.

Jumamosi hiyo badala ya hafla anzeni na maalim wa chuo, halafu nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Fulana kama zishachapishwa msizitupe. Yangu ndiyo ninayolalia.