Mtoto wa kichwa kikubwa: ijue njia ya maji

Mzazi mwenzangu, ukiambiwa mwanao ana kichwa kikubwa, mwombe daktari akuchoree njia ya maji ya ubongo kwenye karatasi. Wangu aliwekewa mrija wa kuondoa maji kichwani akiwa mchanga, na mchoro wa namna hiyo ulinisaidia kuliko maelezo yote ya wodini.

Ndani ya ubongo mna vyumba vinne vya maji, huitwa ventrikali. Viwili vikubwa viko kushoto na kulia. Humo vishada vya mishipa midogo hutengeneza maji masafi usiku na mchana. Kwa mtu mzima ni kama nusu lita kwa siku, na bado wakati wowote ukimpima ana mililita 150 hivi tu, kwa hiyo ya zamani lazima yaondoke. Maji hupita kwenye matundu mawili hadi chumba cha tatu, katikati, kisha huteremka kwa kimfereji chembamba sana hadi cha nne, nyuma ya shina la ubongo. Hapo hutoka, huzunguka ubongo na uti wa mgongo, mwishowe hurudi kwenye damu.

Kile kimfereji ndicho pabaya. Kinaweza kuziba mtoto akiwa bado tumboni, au baada ya homa ya uti wa mgongo. Maji hayaachi kutengenezwa, vyumba vinatanuka, ubongo unabanwa, na kwa kuwa mifupa ya fuvu la mtoto haijaungana, kichwa kinakua. Si uchawi, wala si laana ya ukoo. Inaniuma sana mtoto anapozungushwa kwa waganga huku ubongo wake unazidi kubanwa.

Pima kichwa. Futikamba ya fundi cherehani inatosha: ipitishe juu kidogo ya nyusi na masikio, izunguke hadi pale kisogo kilipotokeza zaidi. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na kama sentimita 35, na miezi mitatu ya kwanza huongeza kama 2 kila mwezi, kisha kasi hupungua. Angalia kasi hiyo kuliko kipimo kimoja. Kliniki wakipima uzito pekee, omba na kichwa kipimwe, kiandikwe kwenye kadi. Utosi ukivimba hata akiwa amekaa ametulia, au macho yakizama chini weupe ukabaki juu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Utosi ukiwa bado wazi, kipimo cha ultrasaundi hupitia hapohapo kuviona vyumba vya maji.

Si kila mtoto huwekewa mrija wa kupeleka maji tumboni. Huko Mbale, Uganda, Dkt. Benjamin Warf alianza miaka ya 2000 kutoboa sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia nyingine, na kuchoma vile vishada ili yapungue. Muulize daktari kama mwanao anafaa.

Akiwekewa mrija, zingatia hili zaidi ya yote: mrija huweza kuziba au kupata maambukizi. Dalili ni kutapika, homa, kulala kupita kawaida, au wekundu kwenye ngozi mrija unapopita. Zahanati watafikiria malaria kwanza, na wana haki, lakini wewe tangulia kusema: "Ana mrija kichwani." Wampime malaria, sawa, ila sisitiza apewe rufaa kwenda kwa waliomfanyia upasuaji, hata kama kipimo kimeonyesha malaria.